Balbu Iliyokufa Mara Mbili

Kama Jumamosi iliyopita mtu alikufungia mandazi na ukurasa huu kabla hujausoma, mimi sina kinyongo. Nitakurudisha pale pale. Tulimwacha Ruqayya nyuma ya kaunta ya duka lake la vifaa vya umeme mjini Thika, saa nne asubuhi ya Ijumaa, ameshika balbu aliyoitoa sasa hivi kwenye katoni mpya. Katoni ilikuwa bado na gundi yake, haijaguswa. Na kwenye shingo ya balbu hiyo mpya kulikuwa na mwandiko, tena mwandiko wake yeye mwenyewe.

Hapo nikakata hadithi, na najua mlinitukana.

"Soma tena," akasema Mbinya, mama wa makamo anayemsaidia kuuza. Tangu aajiriwe, mdomo wake haujapata likizo.

"R. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Githinji."

"Woi! Mwalimu Githinji? Yule wa balbu kila mwezi?"

"Huyo huyo."

"Ya Githinji inafanya nini kwa katoni mpya?"

Wewe unayenunua balbu Thika unajua inavyokwenda. Hakuna anayelipa kabla haijapimwa. Mwenye duka anaifunga pale kwenye kaunta, inawaka, unatikisa kichwa. Kisha anachukua kalamu ya wino mzito na kuandika shingoni herufi ya jina lake, tarehe na jina lako, ili ikichomeka kabla ya miezi sita uirudishe upewe nyingine. Hivyo ndivyo Ruqayya alivyofundishwa na baba yake, Mzee Hassan, aliyeanzisha duka hilo kabla yeye hajajua kutembea.

Balbu hii Githinji aliirudisha mwezi wa nne, imekufa kabisa. Ruqayya mwenyewe aliitupa kwenye katoni ya mizoga nyuma ya mlango. Sasa ilikuwa imemrudia imevaa boksi jipya lenye plastiki inayong'aa, kama haijawahi kumjua.

Akainusa. Thina ya rangi. Mtu alikuwa amejaribu kufuta ule mwandiko, akaacha nusu.

"Nipe kisu," akasema.

Akapenyeza ncha chini ya kile kikombe cheupe, kikaruka. Ndani mna vijicho vidogo vya manjano vilivyopangwa duara, na stima hupita kimoja hadi kingine. Kimoja kikifa, njia imekatika, na balbu nzima inazima. Jicho moja hapa lilikuwa na doa jeusi katikati. Juu yake mtu alikuwa amedondosha tone la lehemu, akaunganisha huku na huku, stima ikaruka maiti na kuendelea na safari.

"Kwa hiyo inawaka," akasema Mbinya.

"Inawaka. Lakini hawa waliobaki wanabeba mzigo wa aliyekufa. Leo watabeba, kesho watabeba, wiki ijayo mwingine anaungua."

Akafungua ya pili kutoka katoni ile ile. Tone. Akafungua ya tatu. Tone.

Mbinya akasonya mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akageuka kurudi alikotoka.

Ruqayya alijiona mchafu. Si kwa sababu ya wale waliomfanyia hivyo, hapana. Ni kwa sababu ya mdomo wake. Kwa miaka miwili wateja wamekuja na balbu zilizokufa, naye amewaambia nini? Stima ya kwenu iko juu sana. Unawasha na kuzima ovyo. Mwambie fundi aangalie waya zako. Mwalimu wa watu, Githinji, alibomoa ukuta wa sebule akabadilisha waya zote kwa sababu ya maneno yake. Na bado zikachomeka. Akarudi dukani akiomba radhi, ati labda fundi hakufanya vizuri. Aliomba radhi yeye!

"Mungu wangu," akasema Ruqayya, na akatema mate kwenye pipa la takataka.

Simu ikalia. Alikuwa Sista Waruguru, muuguzi wa dispensari moja kule Ngoliba.

"Ruqayya, balbu zangu ziko wapi? Chumba cha kujifungulia kimezima tangu Jumanne. Unakijua, hakina dirisha, kilikuwa stoo ya dawa. Nimezalisha mama na tochi ya simu nimeiuma kwa meno, aki ya nani!"

"Sista, hizo nilizokutengea..."

"Ngoja nimalize. Mdogo wako yuko hapa. Safaa. Mumewe amemleta alfajiri akaenda kazini, uchungu umeanza. Ni mtoto wa kwanza, inaenda polepole, labda saa tisa, saa kumi. Na ameniapisha nisimwambie Mzee. Ati atakuja na mtaa mzima."

Ruqayya akaitazama katoni ndogo iliyokuwa juu ya rafu, imeandikwa NGOLIBA kwa mkono wake. Akaishusha, akachomoa balbu moja, akainusa shingo. Thina.

"Sista, nitakuletea mwenyewe. Leo. Kabla ya saa tisa. Usipokee kutoka kwa mtu mwingine yeyote."

"Hata ulete mshumaa, mimi nitapokea," akasema Waruguru, akakata.

Ruqayya akairudisha katoni juu, akamgeukia Mbinya. "Hii haiguswi. Hii haiendi Ngoliba hata rais akija kuiomba. Umenisikia?"

"Nimesikia. Na wewe unaenda wapi?"

"Kwa Muigai. Atanipa balbu nzima za Sista, apende asipende."

Muigai ndiye aliyekuwa akimletea katoni. Si yeye peke yake. Kuanzia Thika hadi Ruiru, duka baada ya duka, balbu ni za Muigai. Ruqayya hakuwahi kukanyaga kwake, lakini alijua ni Kiuu, kule Ruiru, nyuma ya soko, geti la kijani. Akaingia kwenye pikapu ya duka na kushika barabara kuu, msongamano ukamla saa mbili, roho inachemka, akipanga matusi kwa mpangilio. Atamwita mwizi. Atamwita muuaji. Ataita polisi na kamera za televisheni, na Muigai atalia.

Geti la kijani lilikuwa wazi.

Harufu ilimpiga kwanza. Ilikuwa thina, na chini ya thina kulikuwa na harufu ya jaa la taka. Kwenye ua wa zile nyumba za kupanga kulikuwa na rundo la balbu linalofika kiunoni, limechanganyika na maganda ya parachichi, majani ya chai, nepi za watoto. Wanawake watatu walikuwa wameketi juu ya mitungi iliyopinduliwa. Mmoja alikuwa anaziosha balbu kwenye beseni la maji meusi. Wa pili alikuwa anazikausha kwa fulana kuukuu. Wa tatu alikuwa anazivalisha maboksi, haraka haraka, huku akitafuna miwa.

Ruqayya akaziba pua. Balbu hizo ndizo alizozishika kila siku na kisha akala chapati.

"Haiya! Madam wa Thika!" Muigai akatoka ndani, kijana mnene mwenye kichomeo cha kulehemu mkononi, meno yote nje. "Sasa? Leo umekuja mwenyewe? Karibu, karibu. Mleteeni madam kiti. Utakunywa soda gani?"

Ruqayya akayasahau matusi yote aliyoyapanga. Alitegemea mtu wa kukimbia. Huyu alikuwa anamtafutia soda.

"Hizi zinatoka wapi?" akauliza.

"Hizi za leo? Nyingi ni za Membley, kwa wenye pesa. Watu wa huko wanabadilisha balbu kama soksi, tunachukua kwa mapipa. Nyingine zinatoka kwa maduka." Akaokota moja, akaipangusa kwenye suruali. "Unaona hii? Watu wanadhani imekufa. Haijakufa. Ni jicho moja tu. Unaliruka, unalehemu hapa, inawaka poa."

"Inawaka kwa muda gani?"

"Inawaka kwa kaunta, madam." Muigai akacheka mpaka tumbo likacheza. "Si kwa kaunta ndiko inanunuliwa?"

Wanawake nao wakacheka.

"Na ikifika nyumbani?"

"Wiki mbili. Tatu, kama mtu hana mambo mengi. Ikirudi tunaiamsha tena. Kuna moja tumeiamsha mara nne, hiyo ndio imekataa kabisa tukaizika." Akamtazama usoni. "Lakini si haya mambo unayajua, madam? Kwani Mzee hakuambii?"

"Mzee gani?"

Muigai akanyoosha kichomeo chake pembeni. Chini ya kivuli cha bati kulikuwa na kiti kizuri cha mbao chenye mto wa kitambaa cha kijani. Mbele yake palikuwa na meza ndogo, na juu ya meza palikuwa na mkebe wa thina, pamba, na kioo cha kukuzia maandishi.

"Hapo ndipo anakaa. Kila Ijumaa akitoka swala. Zile zenye mwandiko hatushiki sisi, anafuta yeye mwenyewe. Anasema kufuta majina ya watu ni kazi ya mtu mwaminifu. Ila siku hizi macho yanamsumbua, anaruka zingine. Nimemwambia, Mzee, nunua miwani. Hataki."

"Nimekuuliza, Mzee gani?"

"Mzee Hassan," akasema Muigai, sasa kicheko kimeanza kupungua. "Si ni babako? Hii kazi ni yake. Mimi ameniajiri. Alituambia ni ya familia, sisi tukadhani..."

Msomaji, najua wewe ulishamshuku. Wewe uko nyumbani umekunja miguu. Ruqayya yeye alikuwa na baba. Kila Ijumaa baba huyo hupita dukani kubeba katoni ya mizoga, ati akaizike mahali pazuri ili watoto wanaookota vyuma wasijikate na vioo. Mtaa mzima ulimbariki kwa hilo. Imamu alilitaja mara mbili kwenye mawaidha. Na Ruqayya mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfungulia mlango wa gari na kumwambia, Baba, pole na uzito.

Akainama kando ya rundo na kutapika.

"Pole sana," akasema Muigai, akimletea maji. "Ni hii thina. Mwanzoni inashika kichwa."

Ruqayya hakuyagusa maji yale. Aliyaona yametoka kwenye mtungi gani.

Alirudi Thika mikono mitupu, akiendesha kama mtu aliyeiba gari. Saa nane na dakika chache akasimamisha pikapu mbele ya duka, na hakuweza kupita. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wengi wao kutoka mtaa wa Makongeni, kila mmoja na mfuko wa balbu zilizochomeka. Walikuwa wameahidiwa wiki iliyopita kwamba Ijumaa baada ya swala mambo yatasuluhishwa. Aliyeahidi ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni sasa, kanzu nyeupe, kofia safi, ndevu zimechanwa.

"Pokea, mama. Hii mpya, bure. Nawe pokea. Duka letu haliwezi kula haki ya mtu."

"Mungu akuzidishie, Mzee!"

"Mashallah, huyu ndiye mzee!"

Boksi baada ya boksi lilitoka mikononi mwake na kuingia kwenye mifuko. Ruqayya akaona plastiki ikimetameta. Akaona mama mmoja akilibusu boksi lake kwa furaha.

Akapenya kwa viwiko mpaka kaunta, akapanda juu ya kiti.

"Rudisheni!" akapaza sauti. "Rudisheni hizo balbu! Ni mbovu. Zote zimetoka kwenye jaa!"

Ukazuka mnong'ono.

"Mwanangu," akasema Mzee Hassan kwa sauti ya upole, "umetoka juani. Keti kwanza."

"Sitaketi. Jamani, nimetoka Ruiru sasa hivi. Kuna ua Kiuu, wanaokota balbu zilizokufa, wanaosha, wanalehemu, wanafunga kwa boksi jipya. Ndiyo maana zinachomeka! Si waya zenu. Si stima yenu. Mwalimu Githinji uko hapa? Mwalimu, ukuta wako ulikuwa mzima. Mimi nilikudanganya."

Mwalimu Githinji alikuwa katikati ya watu, mwembamba, mfuko wa balbu kifuani.

"Nani anafanya hivyo?" mtu akauliza kwa ukali. "Taja jina!"

"Ndiyo, taja!"

Ruqayya akamtazama baba yake. Mzee Hassan hakutikisa hata ukope. Ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa kutumia skurubu za duka hili. Alimlipia karo. Alimkabidhi funguo za duka mbele ya ndugu wa kiume waliozitaka.

"Ni yeye," akasema, na kidole chake kilimwelekea baba yake. "Ni Baba."

Lo! Laiti ungekuwepo. Watu hawakumgeukia mzee. Walimgeukia yeye.

"Astaghfirullah!"

"Mtoto gani huyu?"

"Amekula hela za watu, sasa anamsukumia baba yake!"

Bibi mmoja akamtemea mate karibu na miguu. Mwingine akasema huu ndio ubaya wa kuwapa wasichana maduka. Na Mzee Hassan akainua mikono yote miwili, akawatuliza watu kama imamu.

"Msimlaumu. Ana mawazo mengi. Mwanangu, njoo tuzungumze ndani."

Akamshika mkono, akamwingiza stoo nyuma ya kaunta na kurudisha pazia. Hapo ndani upole ukaisha.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

"Umeketi kwenye taka, Baba. Nimeona kiti chako. Nimeona mto wako wa kijani."

"Kiti hicho ndicho kimekulisha." Akasogea karibu. "Wewe unajua biashara ilikuwaje balbu hizi mpya zilipokuja? Mtu ananunua moja, anakaa nayo miaka mitano. Miaka mitano, Ruqayya! Balbu ikikaa miaka mitano wewe utauza nini? Upepo? Nililiona duka likifa. Nikasema, hapana, mwanangu hatafunga. Nikakutafutia wateja. Leo wanarudi kila mwezi, na wakija kubadilisha balbu wananunua na swichi, wananunua na waya. Nani aliumia? Niambie nani aliumia."

"Mwalimu Githinji alibomoa ukuta wake."

"Na waya alinunua kwa nani?"

Alisema hivyo akitabasamu. Ruqayya alilijua tabasamu lile tangu utotoni, alilipenda, na sasa alitaka kulipangusa kwa kitambaa. Akaona kinyaa hata mkono wake mwenyewe ulioshikwa na mkono ule.

"Hakuna balbu yako hata moja itakayotoka tena hapa," akasema. "Na namshukuru Mungu zile za dispensari nilizizuia."

"Za Ngoliba?" Mzee Hassan akapunga mkono. "Hizo zilienda saa tano. Nilimkuta Mbinya amezificha juu ya rafu, nikampa mtu wa bodaboda azipeleke."

Ruqayya akalitupa pazia pembeni. "Mbinya!"

Mbinya alikuwa nyuma ya kaunta, mikono kichwani, analia. "Mzee aliniambia umempigia simu, umebadilisha mawazo. Ruqayya wangu, mimi nimkatalie Mzee? Mimi ni nani nimkatalie Mzee?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu.

Ruqayya akachukua simu, na kabla hajabonyeza, ikalia mkononi. Sista Waruguru. Akabonyeza haraka bila kutazama, ikafunguka kwa sauti kubwa.

"Hizi ni balbu gani umeniletea?" Waruguru alikuwa anapiga kelele. "Nimefunga zote mbili, moja imekufa saa hiyo hiyo, ya pili imekufa sasa hivi mtoto akitoka!"

"Safaa yuko aje?"

"Mtoto ni mzima, analia. Mama amechanika vibaya, anavuja damu, na mimi sioni mahali pa kushona! Niko peke yangu. Simu yangu imebaki chaji kidogo na ndiyo tochi yangu, kwa hivyo nakata. Leta balbu, Ruqayya! Inayowaka! Ndani ya saa moja, la sivyo sijui."

Nyuma ya sauti yake kulisikika mtoto mchanga akilia, na nyuma ya mtoto, sauti nyembamba iliyochoka.

"Niitieni Baba," ikasema. "Sista, niitie Baba yangu."

Simu ikakatika.

Duka zima lilikuwa limesikia. Mzee Hassan alikuwa amesimama kati ya stoo na kaunta, pazia limemwangukia begani.

"Safaa?" akasema. "Safaa wangu yuko Ngoliba? Tangu lini? Mbona hamkuniambia?"

"Nipe balbu, Baba." Ruqayya alikuwa ameshaanza kuvuta maboksi rafuni. "Nipe balbu mbili nzima nimpelekee. Wewe ndiye unazijua. Nipe."

Mzee Hassan akaja mbio, kofia ikamdondoka asiiokote. Akashika boksi, akalisogeza mpaka karibu ligonge jicho, akaliacha. Akashika jingine. Akaifunga balbu kwenye kaunta, ikawaka vizuri kabisa, nyeupe, safi. Akaichomoa. Akafunga nyingine, nayo ikawaka.

"Ni ipi?" Ruqayya akamfokea.

"Sijui."

"Unajua!"

"Sijui, mwanangu. Nilizifanya zote zifanane."

"Dukani kwa jirani?" mtu akauliza.

"Kwa jirani ni za Muigai," akajibu Mbinya, kamasi zinamtoka. "Mtaa mzima ni wa Muigai, hata tochi."

Ruqayya akachukua kisu kwenye kaunta. Akakitumbukiza chini ya kikombe cha balbu ya kwanza, kikaruka. Tone. Akachukua ya pili. Tone. Akainua macho akawatazama wale watu waliokuwa wakimtukana muda mfupi uliopita, kila mmoja na boksi lake la bure mkononi.

"Kila mwenye kisu, kila mwenye ufunguo, fungueni," akasema. "Ukikuta isiyo na tone, nirushie. Tafadhali. Dada yangu anakufa."

Wa kwanza kusogea alikuwa Mwalimu Githinji. Akachomoa funguo za nyumba, akachokonoa, akachungulia ndani. "Yangu ina tone," akasema kwa sauti ndogo.

"Hata hii."

"Hii pia."

"Woi, hii ina mawili!"

Plastiki zikachanika, vikombe vikaruka sakafuni na kusagwa chini ya viatu. Yule mama aliyekuwa amelibusu boksi lake akachungulia, akaitupa balbu na kujipangusa midomo kwa mtandio, mara mbili, mara tatu. Hakuna tena aliyemtaja mtoto asiye na adabu. Katoni ya kwanza ikaisha. Wakaingia ya pili.

Saa ilikuwa tisa kasoro dakika kumi.

Mzee Hassan naye alikuwa amefungua moja, kwa kucha, mpaka kidole kikatoka damu. Akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango, akaisogeza machoni, akaiondoa. Kisha akainyoosha mbele kwa watu wa Makongeni.

"Nitazamieni hii," akasema. "Mimi sioni."

Hakuna aliyeipokea.